Outokumpu: Mji Uliozaliwa na Jiwe

Outokumpu ni mji mdogo na manispaa, mashariki mwa Ufini. Mwaka 1908 jiwe kubwa lenye shaba lilipatikana Kivisalmi. Mtaalamu wa madini Otto Trüstedt alitambua kwamba asili yake haikuwa pale: lilikokotwa na barafu nene iliyoifunika nchi hiyo zama za kale. Basi akaifuata nyuma njia ya barafu, kuelekea kaskazini-magharibi, na mwaka 1910 mbale za shaba zikagunduliwa, yapata kilomita 50 kutoka Kivisalmi. Mgodi ukazaa mji. Walakini mbale hazichipui kama mti uliokatwa. Uchimbaji wa mbale hizo ulikoma mwaka 1989, na mgodi wa zamani sasa ni makumbusho. Mji wa mgodi hauna budi kujiandalia riziki nyingine mapema.