Kila Mwamba na Rangi Yake

Barabara ya lami kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ina kilomita 66, na sehemu kubwa ni kuteremka. Juu kuna ubaridi, mibuni na mashamba ya ngoro ya Wamatengo. Chini kuna joto, miembe, mitumbwi iliyopandishwa mchangani na Ziwa Nyasa lenye maji maangavu kiasi kwamba mtu aliyesimama ndani hadi kifuani anaona vidole vyake vya miguu. Mgeni akiulizia samaki ataonyeshwa dagaa walioanikwa na, akibahatika, mbasa mnene wa kuchoma. Samaki wa urefu wa kidole, mwenye mistari ya buluu na nyeusi, anayekaa kwenye mawe, hakuna atakayemletea. Huyo hajazi sufuria.

Ng'ambo, samaki huyo huyo ana wapenzi wanaomtafuta kwa jina la mwamba alikozaliwa. Mwamba wenyewe ni Pombo, katika ufuo huu wa mkoa wa Ruvuma, Tanzania. Mwaka 1994 mtaalamu wa samaki Ad Konings alimpa jina la kisayansi, demasoni, kwa heshima ya Laif DeMason, mfanyabiashara wa samaki wa mapambo wa Florida, Marekani. Dume na jike wanafanana: mistari wima ya buluu ya anga ikipishana na buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, tangu utosini hadi mkiani. Akikomaa huwa na sentimita saba au nane tu, lakini ni mkali mno. Ukiwaweka wanne kwenye tangi la vioo, watapigana hadi abaki mmoja. Wafugaji wenye uzoefu huwaweka kumi na zaidi, ili hasira igawanyike na asiwepo mmoja wa kuonewa daima.

Duniani, mtu akitaja samaki wa mapambo wengi hufikiria koi. Huyo ni kapi, samaki wa maji baridi aliyefugwa kwa ajili ya kitoweo na wakulima wa mpunga wa Niigata, Japani. Katika karne ya 19 wakulima hao walianza kuwatenga vifaranga waliozaliwa na rangi zisizo za kawaida na kuwazalisha wao kwa wao. Ndiko zilikotoka aina zinazoheshimiwa leo. Kohaku ni mweupe mwenye mabaka mekundu. Sanke ni kama Kohaku aliyeongezwa madoa meusi. Showa anatazamwa kinyume, mwili mweusi uliopambwa kwa wekundu na weupe. Mwaka 2018 koi mmoja aliuzwa mnadani Hiroshima kwa yeni milioni 203, karibu dola milioni 1.8 za Marekani. Koi hutazamwa kwa juu, akiogelea bwawani, na uzuri wake ni kazi ya mikono ya watu iliyorudiwa kizazi baada ya kizazi.

Samaki wa Nyasa hutazamwa kwa ubavu, na rangi yake haikuchaguliwa na mtu.

Samaki kama demasoni wanaitwa mbuna, neno la ng'ambo ya Malawi ambalo sasa linatumika Berlin na Tokyo bila kutafsiriwa. Ni wa ukoo wa sikilidi, ndugu wa perege na sato, na wa furu wa Ziwa Victoria. Ziwa Nyasa lina spishi za sikilidi zinazokadiriwa kuwa 800 au zaidi, na karibu zote hazipatikani penginepo popote duniani. Mbuna ni wale wa mawe. Hula mwani unaoota kama zulia juu ya mwamba, pamoja na vijidudu vilivyojificha ndani yake, na humo katika nyufa hujificha, huzaana na kufa. Kati ya mwamba mmoja na mwingine kuna mchanga mtupu. Kwa samaki wa sentimita nane, mchanga huo ni kama jangwa: hakuna chakula, hakuna pa kujibanza, na wawindaji wanapita. Basi havuki. Kikundi cha Pombo kinabaki Pombo, cha kisiwa cha Lundo kinabaki Lundo, na kwa vizazi vingi rangi zinaachana.

Linaloshangaza zaidi ni kwamba utengano huu si wa kale sana. Mwaka 2005 watafiti walichimba tope la sakafu ya ziwa na kusoma humo historia ya hali ya hewa. Waligundua kwamba kabla ya miaka 75,000 hivi iliyopita kulikuwa na ukame mkali ulioshusha maji kwa zaidi ya mita 500. Ziwa hili leo lina kina cha mita zipatazo 700. Maana yake, mawe ambayo mbuna wa Ruvuma wanayang'ang'ania yalikuwa vilima vikavu, na rangi zote hizi zilijitenga baada ya maji kurudi.

Jike ndiye anayechagua. Dume hujipamba na kutetemeka mbele yake, naye akimkubali hutaga mayai makumi machache na kuyaokota mdomoni papo hapo. Kwenye pezi la dume la chini, karibu na mkia, kuna vidoa vya manjano mfano wa mayai. Jike anapojaribu kuvidokoa, hupokea mbegu za dume, na mayai yanarutubishwa akiwa ameyabeba. Atayatunza mdomoni kwa wiki tatu hivi, bila kula chakula cha maana, mpaka vifaranga waweze kuogelea. Kwa kuwa anachagua kwa macho, maji yakichafuka na rangi zisionekane vizuri, anaweza kukosea dume.

Mbuna wengine hutambulika kwa umbo kabla ya rangi. Labeotropheus fuelleborni, aliyepewa jina la Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyekusanya samaki ziwani humu mwishoni mwa karne ya 19, ana pua nene iliyoning'inia juu ya mdomo. Mdomo umefunguka kwa chini, hivyo anakwangua mwani huku mwili ukiwa sambamba na jiwe, bila kusimama wima kama wenzake. Mawimbi yanapopiga mwamba, mkao huo unamfaa.

Jike wa spishi hii, pamoja na wa spishi nyingine kadhaa, huzaliwa wakati mwingine na mabaka ya machungwa na meusi yaliyotawanyika ovyo mwilini. Akilala koi pembeni yake, mtu angedhani ni jamaa. Mwaka 2009 wanasayansi walieleza kwamba mabaka hayo yamefungamana na kinasaba kinachoamua jinsia, ndiyo maana karibu kila mwenye mabaka ni jike. Juu ya miamba yenye madoa ya mwani, vazi hilo linamficha. Dume akilirithi hupoteza rangi ya kuvutia majike. Madume wachache wanaozaliwa nalo husakwa na wafugaji kama vito.

Wapo wengine wasio mbuna kabisa. Aulonocara, ambao wafugaji wanawaita tausi, hukaa mahali mawe yanapokutana na mchanga. Chini ya taya wana vishimo vinavyohisi mtikisiko. Tausi huelea akiwa ametulia sentimita chache juu ya mchanga, kama anayesikiliza, kisha ghafla hupiga mbizi kunyakua kijidudu ambacho hakuwa amekiona. Madume wana buluu inayong'aa, pengine manjano au nyekundu mabegani. Majike ni wa kijivu. Tausi wenye mabaka wanaouzwa madukani si wa ziwa hili hata kidogo. Ni machotara waliochanganywa na mbuna kwenye matangi ya wafugaji.

Hapa ndipo njia ya koi na njia ya mbuna zinapogongana. Chukua mfano wa samaki wa kisiwa cha Hongi, wa jenasi ya Labidochromis, ambaye bado anaitwa kwa jina la kisiwa tu. Dume wa porini ana ubavu wa buluu hafifu na rangi ya machungwa kichwani na mgongoni. Wafugaji wa Sweden walichagua wenye mgongo mwekundu zaidi na kuwazalisha, wakapata samaki mwenye wekundu mkali ambaye sasa anauzwa kama aina maalumu. Ni mzuri, hilo halina ubishi. Lakini mtu aliyezoea huyo akiletewa dume halisi wa Hongi humwona amepauka, wakati huyo aliyepauka ndiye aliyebeba historia ya mwamba wake. Binamu yake wa manjano, maarufu kuliko mbuna wote madukani, naye anapotosha picha: katika sehemu nyingi za ziwa samaki huyo ni mweupe, na wa manjano asili yake ni kipande kifupi cha ufuo wa Malawi, kaskazini ya Nkhata Bay.

Thamani basi iko kwenye jina la mahali, na jina la mahali huharibika kwa urahisi. Biashara ya kusafirisha samaki hawa ilianza Malawi miaka ya 1960. Wasafirishaji walibeba samaki kutoka miamba ya mbali na kuwaachia karibu na vituo vyao, wasije wakalazimika kuwafuata tena. Katika kisiwa cha Thumbi West, ndani ya hifadhi ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1984, samaki hao wageni walishamiri na baadhi wakazaliana na wenyeji. Hakuna wavu wa kuwatenganisha tena.

Ufuo wa Ruvuma ungali na nafasi ya kuepuka kosa hilo. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtaka anayevuna na kusafirisha samaki wa mapambo awe na leseni, lakini leseni haisemi mengi kwa mwamba mdogo kama Pombo, ambako wazamiaji wachache wenye nyavu laini wangeweza kumaliza kizazi. Shirika la uhifadhi la IUCN linamhesabu demasoni miongoni mwa samaki walio hatarini kwa sababu ya udogo wa makazi yake. Kumzalisha tangini si kazi ngumu. Kijana wa Mbamba Bay au Liuli mwenye tangi, maji ya ziwa na subira angeweza kuuza vifaranga bila kugusa tena wazazi walioko mwambani. Ila asilete koi. Kapi huchimbua tope akitafuta chakula na kuyachafua maji, na Malawi ilizuia ufugaji wake kwa kuhofia ziwa.

Hatari nyingine haipiti mikononi mwa wavuvi wala wafanyabiashara. Masika yanaposhusha udongo kutoka mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko, mito huingia ziwani ikiwa myekundu, na tope hutua juu ya mwani ambao mbuna wanaula. Wamatengo wana dawa ya zamani: katika ngoro, majani makavu hulazwa kama miraba, udongo wa katikati hutupwa juu yake, na shamba zima hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta, mahindi hufuata, na maji ya mvua hutuama shimoni yakiacha tope lake huko huko juu mlimani.