Usihariri Picha za Harusi kwenye Televisheni

Swali huja na sura ileile: "Nina dola 200, nichukue monita ya inchi ngapi?" Wanaouliza ni vijana wa Ngungu, Rubaya, Sake na Minova, huku mashariki mwa Kongo, wapiga picha na video za harusi, ubatizo na mahafali, na wengi wao bado wanahariri kwenye laptopu yenye kioo kilichofifia. Kabla hujamjibu mmoja wao, anaongeza kwamba mwenzake wa Goma amemshauri achukue televisheni ya inchi 32 na waya wa HDMI: ni kubwa, rangi zake zinawaka, na bei haipiti ile ya monita ya inchi 24. Inchi ndicho kitu cha mwisho cha kuuliza. Na huo ushauri wa televisheni umeharibu albamu nyingi mno, kwa hiyo tuanze nao.

Televisheni hupangwa kiwandani ili ishinde dukani, pale inapowashwa sambamba na nyingine chini ya taa kali. Ndiyo maana nyingi hutoka kwenye katoni, au huwekwa na muuzaji, katika hali ya Vivid au Dynamic. Weupe wake umesukumwa kwenye ubuluu, kwa sababu jicho hudhani weupe wenye ubuluu ndio safi zaidi. Katika kazi ya picha na video, weupe wa kipimo ni kama Kelvini 6,500. Televisheni iliyo katika hali hiyo inaweza kupita 10,000. Rangi zimezidishwa. Kingo za vitu zimekolezwa ili picha ionekane kali. Mwanga wa nyuma unapanda na kushuka wenyewe kila picha inapobadilika. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo ndani ya faili lako. Unasahihisha makosa ambayo kamera haikuyafanya.

Fuata kinachotokea. Bibi harusi amepigwa picha kilimani, malisho ya Masisi nyuma yake, ukungu wa asubuhi haujaondoka, bwana harusi kavaa suti nyeusi. Kwenye televisheni uso wa bibi harusi una ubuluu, basi mhariri anaongeza manjano na wekundu hadi aridhike. Picha inawaka kupita kiasi, basi anaipunguzia mwanga. Nyasi ni za kijani kinachoumiza macho, basi anapunguza rangi. Kope zinaonekana kali, basi hashtuki kwamba fokasi iliangukia kwenye shela. Faili linapelekwa Goma kuchapishwa, na albamu inarudi na bibi harusi mwenye uso wa rangi ya chungwa, mweusi kuliko alivyo, kasimama kwenye nyasi za kijivu, macho hayako makali. Familia inamlaumu mchapaji. Mchapaji amechapa kilichomo kwenye faili.

Wanaoumia zaidi ni watu wenye ngozi nyeusi, yaani karibu wateja wetu wote. Sehemu kubwa ya nyuso hizo, katika picha, hukaa kwenye nusu ya chini ya ngazi za mwanga, kati ya kijivu cha katikati na weusi. Humo ndimo tofauti ya paji na shavu, ya nywele zilizosukwa na kivuli chake, ya koti na fulana ya ndani, hubebwa na hatua ndogo sana. Televisheni inayozidisha kontrasti inazibana hatua hizo hadi ziwe weusi mmoja. Tena kompyuta ikituma ngazi 0 hadi 255 huku televisheni ikisubiri 16 hadi 235, kama ilivyo desturi ya video, vivuli vyote vilivyo chini ya 16 vinamezwa. Katikati ya karne iliyopita maabara za picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo, na nyuso nyeusi zilitoka zimefifia na kupoteza umbo. Hilo tulifanyiwa na wengine. Kijana wa leo anaponunua kwa jasho lake kioo kinachomeza nyuso za watu wake mwenyewe, inaniuma, na sitaacha kulisema.

Hata huo ukubwa unadanganya. Televisheni nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768. Monita ya kawaida ya inchi 24 ina 1920 kwa 1080, karibu mara mbili ya hizo. Ulichonunua ni pikseli chache zilizotandazwa. Televisheni nyingi pia hukata kingo za picha bila kukuuliza, na hupunguza undani wa rangi zinazoingia. Andika herufi ndogo nyekundu juu ya weusi, utaona kingo zake zikivuja.

Hapo ndipo huja hoja wanayoiona kuwa ya mwisho: mteja mwenyewe ataitazama kwenye televisheni. Kweli. Na mjomba wake ataitazama kwenye simu ndogo, shangazi aliyeko Kigali kwenye simu ya bei ghali, mama ataining'iniza ukutani ikiwa karatasi. Kila kioo kina kosa lake. Ukisawazisha kwa kufuata kosa la kimoja, umelipeleka kosa hilo kwenye vingine vyote. Ndiyo sababu kukawekwa kipimo cha pamoja cha sRGB, kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kupitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Video ya HD ina Rec. 709, yenye rangi za msingi zilezile. Ukifanya kazi ndani ya kipimo hicho, kila kioo kitapotoka kwa kiasi chake tu. Televisheni iwashe mwisho, utazame video nzima ukiwa umekaa kama mteja. Maamuzi ya rangi yasifanyikie hapo. Na ndiyo, kuihamishia kwenye hali ya Movie au Cinema kunapunguza madhara, lakini hakuongezi pikseli, wala hakutaizuia paneli ya bei rahisi kubadili rangi unapoinamisha kichwa.

Kwa anayetegemea jua, hesabu inamaliza ubishi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Laptopu ya wati 60 kwa saa sita inakula 360. Monita ya LED ya inchi 24, iliyopunguzwa mwanga hadi wati 20, inakula 120, jumla 480. Televisheni ya wati 55 inakula 330, jumla 690, na bado hujahesabu kinachopotea kwenye inveta. Kazi itazimika kabla hujamaliza.

Sasa cha kununua. Paneli ya IPS, inchi 24, pikseli 1920 kwa 1080 au 1920 kwa 1200, sRGB asilimia 95 kwenda juu. Karatasi ya vipimo ikiandika asilimia 72 ya NTSC, ukubwa huo unakaribia sRGB nzima. Ikiandika 45, iache, ni kioo kilekile cha laptopu unachokikimbia. Paneli ya TN usiiguse. HDR kwenye monita ya kandela 250, kontrasti ya mamilioni, herzi 144: usilipie. 4K isubiri, kompyuta yako ndiyo itakayolemewa. Ukitaka mpya, ASUS ProArt PA248QV ilitoka mwaka 2020 kwa karibu dola 200 huko nje, usafiri na ushuru havimo. Iliyotumika: Dell U2412M au U2415. Ile ya kwanza haina HDMI, kwa hiyo tafuta waya wa DisplayPort au DVI, na usikubali kupewa wa VGA. U2410 ina rangi nzuri, lakini taa zake si za LED na umeme wake ni mwingi. Si ya mtu wa jua.

Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka. Nenda na flashi yenye picha tatu: ngazi za kijivu kutoka weusi hadi weupe, ukurasa mweupe mtupu, na uso mweusi ulioupiga picha mwenyewe na unaoujua vizuri. Ngazi zote zitofautiane, weupe usiwe na manjano pembeni, uso usibadilike unaposogea kushoto na kulia. Ukishanunua, chagua hali ya sRGB, zima kontrasti inayojibadilisha, na ushushe mwanga hadi kioo kilingane na karatasi nyeupe iliyowekwa kando yake. Wanaoacha mwanga kwenye 100 ndio wanaoletewa picha nyeusi. Kipima rangi cha Calibrite au Datacolor ni ghali kwa mtu mmoja, si kwa studio tano zinazochanga, maana kila mmoja anakihitaji mara moja kwa miezi kadhaa. Programu ya DisplayCAL ni ya bure. Mwanga wa dirisha usikupige mgongoni.

Kwa barabara ya kupanda Ngungu, monita isafiri imesimama, kamwe isilazwe, ubao mwembamba au katoni nene mbele ya kioo, na mzigo mwingine usiegemezwe upande huo. Ukifika, iache saa moja hivi ikauke unyevu wa njiani kabla ya kuiwasha.