KUBADILI MIEMBE MIKUBWA BILA KUING'OA



Katika ukaguzi wa vyama, wanachama wa Kabungu wameniuliza mara nyingi: je, mwembe mkubwa wa kienyeji, wenye embe za nyuzinyuzi zisizopata soko, ung'olewe ili upandwe mwingine? Jibu ni hapana. Mizizi yake imekwisha kushika ardhi na hustahimili kiangazi chetu kirefu. Kinachobadilishwa ni matawi, kwa njia ya kubebesha.

Kupanda kokwa hakutoshi. Kokwa ya Kent au Tommy Atkins, aina zilizotoka Florida, Marekani, hutoa mche usiofanana na mama yake. Aina hizo hudumishwa kwa vikonyo.

Kazi hufanywa hivi. Embe zikiisha kuchumwa na mvua zikiwa zimeshika, mti hukatwa kwa msumeno, kiasi cha mita 1 hadi 1.5 kutoka ardhini. Tawi moja huachwa ili liulishe mti. Shina hupakwa chokaa lisiunguzwe na jua. Machipukizi yatokeapo, yabakizwe machache yenye nguvu, pande zote. Yafikiapo unene wa kalamu ya risasi, hukatwa ncha na kupasuliwa, kisha huingizwa kikonyo cha unene huo huo kilichochongwa kama kabari, ngozi za kijani chini ya magome zikigusana. Hufungwa imara kwa utepe wa plastiki. Vikonyo vikishika na kukua, utepe hufunguliwa, na tawi lililoachwa huondolewa. Matunda hutazamiwa baada ya miaka 2 au 3.

Hapo ndipo penye hatari. Embe huiva wakati ghala limepungua chakula. Mwanachama akatapo miembe yote kwa pamoja, nyumba yake itakosa embe na fedha ya embe. Basi ikatwe kwa mafungu, na fungu la pili lisiguswe kabla la kwanza halijaanza kuzaa.

Tena, mwembe wa marehemu mzazi huwa na warithi wengi. Katibu ahakikishe kwamba ndugu wote wamekubali mbele ya mashahidi, na makubaliano yaandikwe katika kitabu cha chama. Aandike pia mti uliotoa vikonyo, nao uwe umekwisha kuonekana ukizaa. Shina lililokatwa halirudishwi kwa rufaa.