DAKIKA YA DHAHABU
Habari za Waganga Wanaookoa Mama na Watoto Wachanga

Kila mtu aijuaye Runzewe ajua habari za dhahabu. Mji huu umo katika Wilaya ya Bukombe, nchi ya Wasumbwa, katika barabara kuu itokayo Kahama kwenda Nyakanazi, na hapo huchepuka njia ya kwenda Bwanga. Hata mwaka 2012 ulikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka huo umo katika Mkoa mpya wa Geita. Watu wa makabila mengi wamekuja hapa kutafuta mali iliyofichwa katika ardhi. Lakini waganga wa uzazi wana dhahabu yao nyingine, nayo haipimwi kwa mizani bali kwa saa. Huiita dakika ya dhahabu, maana yake dakika moja ile ya kwanza tangu mtoto kuzaliwa. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu maana ya jambo hili, na tunawaomba wajuao kusoma wawasomee jamaa zao wasiojua.

Kwanza yafaa tujue nchi yetu imefika wapi. Katika hesabu ya afya iliyofanywa Tanzania miaka ya 2015 na 2016, ilionekana kuwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, mama 556 walikufa kwa sababu ya uzazi. Hesabu iliyofuata, ya mwaka 2022, ilionyesha mama 104. Haya ni maendeleo makubwa, nasi twapaswa kuwashukuru walioyafanyia kazi. Lakini upande wa watoto wachanga habari si njema hivyo. Katika hesabu ile ya kwanza walikufa watoto 25 katika kila 1,000 kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na katika hesabu ya mwaka 2022 walikufa 24. Mama ameanza kuokoka, ila mtoto bado yumo hatarini. Ndiyo sababu waganga hawajapumzika.

Wengi hudhani kuwa kazi hii yahitaji majumba makubwa na mitambo ya fedha nyingi. Habari za jirani zetu wa Kigoma zatufundisha vingine. Katika miaka ya 1980 hospitali ya mkoa wa Kigoma ilikuwa mahali pa huzuni kwa wazazi. Mwaka 1984 hesabu ya vifo vya uzazi pale ilikuwa mama 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Daktari wa uzazi Mtanzania, Dokta Godfrey Mbaruku, hakungoja msaada wa mbali. Yeye na wenzake walichunguza kifo kimoja kimoja wapate kujua sababu yake, kisha wakaandika mambo 22 ya kutengeneza, na kuanzia mwaka 1987 wakayashika. Mambo yenyewe hayakuwa ya gharama kubwa: kutumia vema vitu vilivyopo, kuwafundisha watumishi waliopo, na kumfanya kila mtumishi ajue kuwa ataulizwa juu ya kazi yake. Ilipofika mwaka 1991 hesabu ile ya 933 ilikuwa imeshuka hata 186. Mwaka 1995 Dokta Mbaruku na mwenziwe wa Sweden, Dokta Staffan Bergström, waliiandika habari hii, na waganga wa nchi nyingi waliisoma. Dokta Mbaruku alifariki mwaka 2018, lakini fundisho lake lingalipo: utaratibu mwema huokoa watu hata penye uhaba.

Sasa na tutazame kwa nini mama hufa. Adui wa kwanza ni damu. Mama mwenye afya njema, akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, aweza kufa katika muda wa saa 2 tu. Kwa hiyo mkunga humchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi katika dakika ile ile mtoto anapozaliwa, kabla damu haijazidi. Adui wa pili ni kifafa cha mimba, ambacho huja pamoja na damu kupanda kwa nguvu mishipani. Nacho kina dawa yake ya sindano, nayo huwekwa tayari chumba cha uzazi. Wengine ni uchafu wa vidonda uletao homa baada ya kuzaa, na mtoto kukwama njiani, jambo ambalo pengine halina dawa ila kupasuliwa. Yote haya yana tiba ijulikanayo. Basi mama hafi kwa kuwa dawa haijulikani, bali kwa kuwa dawa na yeye hawakukutana kwa wakati.

Wenye elimu hii wamezigawa nyakati za kuchelewa kuwa tatu. Kwanza ni kuchelewa nyumbani, watu wakishauriana kama mgonjwa aende au asiende. Pili ni kuchelewa njiani. Tatu ni kuchelewa kwenye kituo chenyewe, mgonjwa amefika, lakini msaada haujawa tayari. Wahenga wetu walisema, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Katika mambo ya uzazi maneno haya ni kweli tupu.

Tuanze na kuchelewa kule kwa tatu, maana ndiko waganga walikofanya kazi kubwa. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, kama 10 huhitaji kusaidiwa kidogo ili waanze kupumua. Wengi wao wakikaushwa kwa nguo safi na kusuguliwa mgongo hulia papo hapo. Wachache hubaki kimya, nao hupaswa kutiwa pumzi kwa mfuko wa mpira wenye kifuniko cha uso. Kazi hiyo sharti ianze kabla dakika ya kwanza haijaisha, na hii ndiyo dakika ya dhahabu. Zamani watoto wengi wa namna hii waliandikwa kuwa wamezaliwa wafu, kumbe walikuwa hai, wangojea pumzi tu.

Tangu mwaka 2009 wakunga wa hospitali 8 za Tanzania walifundishwa kazi hii, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua karibu nusu. Lakini huko Haydom, katika Mkoa wa Manyara, waganga waliona jambo la kuwashangaza. Watumishi waliofundishwa kwa siku moja walijibu vema mbele ya mwalimu wao, wakatenda vema kwa mtoto wa sanamu. Lakini walipoingia chumba cha uzazi, mikono yao ilitenda kama zamani. Mchimbaji yeyote wa Runzewe aweza kuwaeleza sababu. Mtu aliyeonyeshwa mara moja tu jinsi ya kuosha mchanga katika karai hataiona dhahabu, maana mkono haujazoea. Basi Haydom wakageuza njia. Wakaweka sanamu ya mtoto pale pale kazini, na wakunga wakajizoeza dakika chache chache, mara kwa mara, mwaka mzima. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza vikashuka kutoka 11 hata 7 katika kila 1,000.

Fundisho hili halikubaki Haydom. Lilipelekwa katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa mitano, yaani Manyara, Tabora, Shinyanga, Mwanza na Geita yetu. Wakunga walipewa sanamu za kujizoezea, na mifuko ya kutilia pumzi iliyo bora. Walipewa pia chombo kidogo cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, ambacho jina lake hasa ni Moyo, nacho humwonya mkunga mtoto akianza kuchoka kabla ya kuzaliwa. Kazi hii iliongozwa na Dokta Benjamin Kamala na wenzake wa Tanzania, pamoja na Profesa Hege Ersdal wa Norway, nao walifuata habari za mama zaidi ya 280,000. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hata 12.5 katika kila 1,000. Vifo vya mama katika siku 7 baada ya kuzaa vilishuka kutoka kama 240 hata kama 60 katika kila 100,000. Hayo yalifanywa na wauguzi na wakunga wetu wenyewe, kwa mikono iliyozoezwa.

Juu ya kuchelewa njiani pia juhudi imefanywa. Ulianzishwa mpango uitwao m-mama, ambao ulijaribiwa kwanza Sengerema na Buchosa, na katika Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2022 ulitangazwa kuwa wa nchi nzima. Mja mzito akipatwa na hatari, au mama aliyezaa karibuni, au mtoto mchanga, hupigwa simu namba 115, bila malipo. Mtumishi aliye upande wa pili huuliza hali ya mgonjwa, kisha huita gari la wagonjwa. Kama gari hilo liko mbali, huita dereva wa mahali pale aliyeandikwa katika mpango, naye hulipwa kwa njia ya simu. Kwa hiyo mtu asiye na nauli asikae kungoja.

Imebaki kuchelewa kwa kwanza, kule nyumbani. Hapo daktari hana amri wala mkono wake haufiki. Ni sehemu yetu sisi.

Mtu aweza kuuliza, "Mbona bibi zetu walizaa nyumbani, na sisi tupo?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ni hili. Uzazi si ugonjwa, na mama wengi huzaa salama popote walipo. Lakini hakuna ajuaye mbele ni mama gani atakayetokwa na damu, wala ni mtoto gani atakayenyamaza. Aliyezaa watoto wanne salama aweza kupatwa katika wa tano. Na sisi tuliopo ndio tuliosalia. Ndugu zetu waliokufa pamoja na mama zao hawapo kutusimulia.

Tena kuna mahali ambapo uchungu ukikawia, mzazi huambiwa aungame, ya kwamba amemkosea mumewe. Watu hukaa wakimhoji hata usiku ukaisha. Desturi hii ni ya kuachwa. Uchungu hukawia kwa kuwa mtoto ni mkubwa au amelala vibaya, au nguvu za mama zimekwisha, wala si kwa sababu ya dhambi. Wengine hunyweshwa dawa za miti za kuharakisha uchungu. Dawa hizo haziwezi kupimwa kipimo chake, na zaweza kulikaza tumbo kwa nguvu hata mfuko wa uzazi ukapasuka.

Basi haya ndiyo mambo ambayo kila nyumba yapasa kuyajua. Mja mzito aende kliniki mapema, kabla ya wiki 12 kutimia. Apelekwe upesi akiona damu, akiumwa kichwa sana na macho kuona kiwi, akivimba uso na mikono, akipatwa na homa au kifafa, akiona mtoto ameacha kucheza tumboni, au uchungu ukizidi saa 12. Mtoto akizaliwa akaushwe, alazwe kifuani pa mama yake apate joto, anyonye kabla saa 1 haijapita, wala asiogeshwe kabla ya saa 24. Akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, akiwa wa moto sana au wa baridi, au kitovu kikitoa usaha, apelekwe siku ile ile.

Kwa watu wa machimbo tunaongeza neno moja. Zebaki ichomwapo kutenga dhahabu hutoa moshi usioonekana vema, nao huingia katika damu ya mama na kumfikia mtoto tumboni, ukamdhuru ubongo. Mja mzito asishike zebaki, wala isichomwe ndani ya nyumba wanamolala watu.

Wenyeviti wa vijiji na vitongoji wana kazi yao. Na wajue ni nani katika eneo lao wanaokaribia kujifungua, na namba 115 iandikwe mahali watu wanapokusanyika. Walimu wawafundishe wanafunzi dalili za hatari, maana mtoto wa shule ndiye msomaji wa nyumba. Waume waweke akiba mapema, na waseme mbele ya jamaa kabla ya siku yenyewe: "Nisipokuwapo, msiningoje. Mpelekeni." Maneno hayo machache yamkomboa mke wa mchimbaji ambaye mumewe yuko shimoni siku mbili. Na wenye afya watoe damu zinapotakiwa, kwa kuwa damu haitengenezwi kiwandandani. Hutoka kwa mtu ikaenda kwa mtu.

Waganga wamejifunza kutoipoteza dakika moja. Nasi tulio nyumbani tusizipoteze saa, kwani saa tunazopoteza sisi hakuna mganga awezaye kuzirudisha.