"Amekuwa wa Ngapi?" na "Amefika Wapi?": Malengo ya Mwanafunzi na Nafasi ya Familia Katika Shule ya Msingi

Shule zinapofungwa mwezi Juni na mwezi Desemba, mtoto hurudi nyumbani na taarifa ya maendeleo yake. Katika nyumba nyingi za Nangurukuru, kama ilivyo kwingine nchini, swali la kwanza ni moja tu: amekuwa wa ngapi? Akiwa wa tano hupongezwa, akiwa wa sitini hukaripiwa, kisha karatasi hukunjwa na kuwekwa juu ya kabati hadi muhula mwingine.

Swali hilo halina ubaya, ila halitoshi. Nafasi darasani humlinganisha mtoto na wenzake. Haisemi mtoto mwenyewe anaweza nini. Katika darasa ambalo wengi hawajajua kusoma, mtoto wa kumi naye anaweza kuwa hajui kusoma. Na katika darasa lenye watoto hodari, mtoto wa arobaini huenda anasoma vizuri na kuelewa. Mzazi aliyeshika namba peke yake hana la kufanya kesho yake asubuhi, kwa kuwa namba haimwonyeshi pa kuanzia.

Mwambao wa Kilwa una swali jingine, la zamani zaidi. Mzazi aliyempeleka mtoto chuoni kwa mwalimu wa Kurani haulizi mtoto amekuwa wa ngapi. Huuliza amefika wapi. Nyumba nzima hujua mtoto yuko juzuu gani, sura gani inamsumbua, na lini anatarajiwa kuhitimu. Bibi asiyejua kuandika jina lake husikia mtoto akisoma uani na kutambua kwamba amekwama palepale alipokwama juzi. Siku ya hitima jirani huitwa wakala pamoja. Hapo familia, mwalimu na mtoto wote wanalijua lengo, na wanajua limebakiza umbali gani. Shule ya msingi haijazoea kuulizwa hivyo, nayo familia haijazoea kuuliza.

Lengo la mwanafunzi, kwa maana inayohusika hapa, si ile kauli ya "nataka kuwa daktari" inayotolewa mgeni anapotembelea shule. Kauli hiyo ni njema, lakini iko mbali. Lengo linalofaa ni dogo, lina muda wake, na mtu wa nyumbani anaweza kulikagua. Mfano wa wazi ni stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Baada ya tathmini ya kitaifa ya mwaka 2013 kuonyesha udhaifu mkubwa, kiliwekwa kiwango kwamba mwanafunzi wa Darasa la Pili aweze kusoma maneno 50 ya Kiswahili kwa dakika moja na kuelewa alichosoma. Kiwango hicho hakihitaji mtaalamu kukipima. Simu yoyote ina saa. Mtoto apewe ukurasa wa kitabu chake, asome kwa dakika moja, maneno aliyosoma sawasawa yahesabiwe.

Mzazi asiyejua kusoma naye hajaachwa nje. Kaka au dada wa darasa la juu anaweza kuhesabu maneno. Kinachobaki, na ambacho ni kizito zaidi, ni kumuuliza mtoto: hadithi hiyo inasema nini? Nani alifanya nini, na kwa nini? Mtoto aliyekariri sauti bila maana hujulikana mara moja, hata na msikilizaji ambaye hakuwahi kukanyaga darasa. Utafiti wa Uwezo, ulioanza hapa nchini mwaka 2010, ulijengwa juu ya wazo linalofanana na hilo: watu wa kawaida walifundishwa kupita nyumba kwa nyumba na kuwapima watoto kwa maswali ya kiwango cha Darasa la Pili.

Swali linalofuata ni wapi mzazi na mwalimu wakutane ili lengo hilo lijulikane pande zote mbili. Kila shule ya msingi ya serikali ina kamati ya shule, ambayo ni chombo cha usimamizi: hushughulikia mipango, fedha, majengo na nidhamu. Chombo cha pili ni Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, unaofahamika kwa kifupi UWW. Katika Mkoa wa Lindi vikundi hivyo vilitiliwa mkazo na mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioendeshwa na Serikali kwa ufadhili wa Uingereza kati ya mwaka 2014 na 2020. UWW huundwa na wazazi wanaowakilisha kila darasa pamoja na walimu, na kazi yake ni mambo yanayomgusa mwanafunzi moja kwa moja: mahudhurio, maendeleo ya kusoma, chakula na usalama wa njiani. Mpango huohuo ulianzisha klabu za wanafunzi zilizoitwa JUU, yaani Jiamini Uwezo Unao, ili watoto, hasa wasichana, wapate mahali pa kusema yanayowazuia kusoma.

Tofauti kati ya vyombo hivyo viwili ni muhimu, kwa sababu kuchanganyika kwake kumeleta hasara. Mzazi akisikia tangazo la kikao cha shule, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye mchango: matofali, madawati, mlinzi. Hivyo asiye na fedha hukaa nyumbani, na mtoto wake hukosa msemaji. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hutolewa bila ada, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa mchango. Kikao cha maendeleo ya mwanafunzi si kikao cha michango. Ingefaa hata tangazo lenyewe liseme hivyo waziwazi, na siku zitofautiane.

Hata hivyo, elimu bila ada haikufuta wajibu wa mzazi. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki mikononi mwa familia. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, sehemu yake ikitengwa kwa ajili ya vitabu. Fedha hizo zikigawanywa kwa siku 194 za masomo, hazifiki shilingi 52 kwa mtoto kwa siku. Kwa kiasi hicho shule hununua chaki na karatasi za mitihani, na hufanya ukarabati mdogo. Haiwezi kumlipa mtu wa kumsikiliza kila mtoto akisoma jioni. Mzazi ana haki ya kusoma mapato na matumizi ya shule kwenye ubao wa matangazo, na kuuliza pale asipoelewa.

Jambo linaloamua zaidi kuliko yote, katika wilaya hii, ni kalenda. Kalenda ya shule na kalenda ya shamba hazikutungwa na mtu mmoja. Ufuta huvunwa na kuuzwa kuanzia kati ya mwaka, kwa hiyo fedha huingia nyumbani karibu na mapumziko ya Juni. Huo ndio wakati mwafaka wa kununua madaftari na sare za muhula wa pili, kabla fedha haijapata kazi nyingine. Korosho huja baadaye, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika mwezi Septemba. Upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne hufanyika kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba. Katika miezi hiyo mikorosho huanza kudondosha, familia nyingi huhamia mashambani, na mikono midogo huonekana kuwa na faida kubwa katika kuokota. Mtoto wa Darasa la Nne anayekwenda shambani wiki tatu kabla ya upimaji huenda amepoteza kazi ya mwaka mzima, na nyumbani hakuna aliyekusudia iwe hivyo.

Pwani nako kuna namna yake. Baba huenda dago kwa majuma kadhaa. Maji ya bamvua yakikupwa sana, watoto huvutwa na pweza na chaza kuliko na hesabu. Na Nangurukuru ina njia panda yake: barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hapa hukutana na ile iendayo Kilwa Masoko na ile iingiayo bara kuelekea Liwale. Kila basi linaposimama kuna abiria anayetaka maji, machungwa au korosho za kubangua. Mtoto anayeuza kwa saa moja baada ya masomo anaisaidia familia. Anayeuza mpaka basi la mwisho hulala kwenye dawati kesho yake. Mwalimu anaweza kumwona mzembe endapo hajaambiwa.

Kwa sababu hiyo kikao cha Julai, shule zinapofunguliwa kwa muhula wa pili, kina uzito kuliko kile cha Desemba. Desemba mambo yamekwisha, kinachobaki ni kupokea taarifa. Julai bado kuna miezi ya kufanya kazi. Familia inayojua kwamba itahamia shambani inaweza kueleza mapema mtoto ataachwa kwa nani, iwe kwa bibi, kwa shangazi au kwa jirani mwenye mtoto wa darasa hilohilo. Siku za kuokota zinaweza kuwa Jumamosi na Jumapili. Mwalimu naye anaweza kusema waziwazi ni majuma gani ambayo mtoto asikose kabisa. Mapatano ya namna hiyo hayahitaji fedha, ila yanahitaji pande zote mbili ziambiane ukweli kuhusu msimu.

Unyago na jando vinaingia katika hesabu hiyohiyo. Desturi hufanyika mapumzikoni, na hapo hakuna mgongano. Mgongano huanza pale sherehe inaposogezwa hadi shule imekwisha kufunguliwa na mwari bado yuko ndani. Wazee na makungwi wakijua tarehe ya kufungua shule mapema, ngoma hupangwa nyuma yake. Makungwi pia ni walimu, na neno lao kwa msichana kuhusu kumaliza masomo husikilizwa kuliko mabango.

Kuna mtu ambaye vikao mara nyingi humsahau. Barua huandikwa "kwa mzazi", lakini mama yuko Dar es Salaam, baba yuko dago au machimboni, na mtoto anaishi na bibi yake. Bibi huyo ndiye anayejua saa mtoto anayolala, anachokula na anachokiogopa. Shule ikimwandikisha yeye kama mlezi na kumwita yeye, taarifa itafika mahali pake. Mzazi aliye mbali anaweza kupigiwa simu na mtoto kila Ijumaa amsomee ukurasa mmoja. Kusikiliza kwa simu ni kusikiliza pia.

Upande wa walimu nao usisahauliwe. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi katika chumba kimoja hawezi kuandika lengo la kila mmoja na kulifuatilia peke yake. Njia nyepesi ni mwanafunzi mwenyewe kuandika lengo la muhula kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, kwa sentensi moja: kusoma ukurasa mzima bila kusimama, kujua jedwali la kuzidisha hadi la sita, kuandika insha ya aya tatu. Mwalimu hutia saini, mlezi hutia saini au dole gumba. Mwalimu akionana na mlezi njiani, tayari wanajua wanazungumzia nini.

Mabadiliko ya sera yanaongeza haraka ya jambo hili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima ya miaka kumi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na watoto walioingia Darasa la Tatu mwaka huo watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, sambamba na wenzao wa Darasa la Saba. Mtoto wa kundi hilo ana mwaka mmoja pungufu wa ule aliokuwa nao kaka yake. Kosa la kusoma lililokuwa likisahihishwa Darasa la Saba halitakuwa na darasa la kusahihishiwa, na mbele yake iko sekondari ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mlezi wa mtoto wa kundi hilo afanye jaribio la dakika moja mapema, wala asingoje taarifa ya muhula.

Mzazi mwenye swali huanza kwa mwalimu wa darasa. Pasipopatikana ufumbuzi huenda kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata. Yanayoshindikana ngazi hizo hupelekwa kwa Afisa Elimu Msingi, makao makuu ya Halmashauri, Kilwa Masoko. Anayekwenda kuonana na mwalimu achukue daftari la mtoto, si taarifa ya muhula peke yake, na ikiwezekana aende pamoja na mtu anayelala nyumba moja na mtoto huyo.