Bastola imara si lazima iwe ndiyo inayodumu

WATU wengi wanapolinganisha rivolva, yaani bastola za silinda, zenye risasi kubwa, huuliza swali moja tu: ipi ni imara zaidi? Kwa hakika maswali ni mawili. Uimara ni uwezo wa chuma kustahimili mlipuko mmoja mkubwa bila kupasuka. Udumifu ni uwezo wa kustahimili maelfu ya milipuko ya kawaida bila kulegea.

Uimara hutegemea zaidi silinda, ambayo ni gurudumu lenye matundu ya kuwekea risasi. Ndiyo sababu Smith & Wesson Model 500, iliyoanza kuuzwa nchini Marekani mwaka 2003, hubeba risasi 5 badala ya 6 zilizozoeleka. Tundu moja limepunguzwa ili kuta za yaliyobaki ziwe nene.

Udumifu ni habari nyingine. Model 29 ya kampuni hiyo hiyo, iliyotolewa mwaka 1955 kwa risasi ya .44 Magnum, ilijengwa juu ya fremu ya asili ya mwaka 1908, iliyokusudiwa risasi dhaifu zaidi. Mchezo wa kulenga sanamu za wanyama za chuma, hadi umbali wa mita 200, ulipoenea Marekani katika miaka ya 1970, washindani walifyatua risasi nzito kwa maelfu. Baadhi ya bastola hizo hazikupasuka, bali zililegea, na silinda ikawa inarudi kinyume kwa teke la mlipuko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni iliimarisha sehemu zake za ndani.

Ruger Redhawk ya mwaka 1979 ilibuniwa tangu mwanzo kwa risasi hiyo kali. Fremu yake ni nene na haina kifuniko cha pembeni. Gharama yake ni uzito mkubwa zaidi kiunoni.

Tofauti hizi zinagusa usalama. Wamarekani wengi hujijazia risasi wenyewe, na kwa risasi ya .45 Colt, iliyoanza mwaka 1873, baadhi ya vitabu vya vipimo vya baruti hutenga vipimo vikali kwa bastola za Ruger na nyingine zenye uimara kama huo. Risasi hiyo huingia vizuri pia katika bastola kuukuu ya Colt, lakini inaweza kuipasua mkononi mwa mfyatuaji. Tundu kuipokea risasi si ushahidi kwamba ukuta wake utaistahimili.