Ukinunua Simu, Uliza Itahudumiwa Hadi Mwaka Gani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni lile lile: kati ya iPhone na Android, ipi nzuri? Anayeuliza mara nyingi ana hela mkononi na haraka ya kwenda dukani. Mimi humrudishia swali lingine: simu uliyonayo sasa inakukera wapi? Hapo ndipo maneno yanapotoka. Inaganda. Imejaa. Meseji za asubuhi zinaingia adhuhuri, zote kwa mkupuo. Fomu iliyojazwa kwa nusu saa imefutika. Programu ya benki inadai simu imepitwa na wakati, na simu yenyewe ina miaka michache tu. Kero hizi zina vyanzo vinavyoeleweka, na ukivifuata kimoja kimoja utaona kwamba jina la mfumo endeshi linaeleza machache. Linaloeleza mengi ni nani aliyebaki na mamlaka juu ya simu hiyo baada ya wewe kuilipia.

Tuanze na asili. iPhone ilianza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007. Apple hutengeneza mfumo wake yenyewe, iOS, husanifu chipu zake, na ndiyo huamua programu gani iingie kwenye duka lake. Hakuna kampuni nyingine inayouza simu yenye iOS. Android nayo ilianza kama kampuni ndogo ya California, Google ikainunua mwaka 2005, na simu ya kwanza yenye mfumo huo, HTC Dream, ikaingia sokoni mwaka 2008. Kiini chake ni Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 huko Helsinki. Google huitoa Android kama ramani ya nyumba isiyolipiwa: kila mjenzi anaichukua, anaongeza vyumba, anahamisha milango, anapaka rangi anayoitaka. Ndiyo maana Samsung ina One UI, Tecno ina HiOS, Infinix ina XOS. Anayesema Android ni mbovu amezungumzia nyumba aliyokaa yeye, na zipo maelfu.

Uhuru huo ndio uliowafikishia watu wetu simu janja. Mwaka 2011 Wakenya walikuwa wakinunua Huawei IDEOS, simu ya Android, kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya, bei ambayo Apple haijawahi kuikaribia kwa simu mpya. Bila Android, mama lishe na dereva wa bodaboda wangeendelea na kitochi kwa miaka mingi zaidi. Lakini uhuru una gharama, na mahali gharama hiyo inapouma zaidi ni kwenye masasisho, yale ambayo wengi tunayaita apdeti.

Apple ikigundua tundu la usalama, hulitengenezea kiraka na kukituma kwa wakati mmoja kwa kila iPhone inayohudumiwa, iwe Kigoma au Kuwait. Kwa Android safari ni ndefu. Google hurekebisha mfumo. Kisha mtengenezaji wa chipu, awe Qualcomm, MediaTek au Unisoc, hana budi kuandaa programu za kuifanya chipu yake ielewane na marekebisho hayo. Baada yake mtengenezaji wa simu huchukua kazi hiyo, huipachika sura yake, huipima kwenye kila modeli aliyoiuza, ndipo huituma. Yeyote kati ya hao akisimama, simu yako imesimama. Na sababu ya kusimama ni ya kibiashara: simu ya shilingi laki mbili na nusu za Tanzania huacha faida ndogo, na kumlipa mhandisi aihudumie kwa miaka mitano baada ya kuuzwa hakulipi. Mwaka 2017, kwa kutumia toleo la 8 la Android, Google ilianza kutenganisha sehemu ya mfumo na sehemu ya chipu ili kazi iwe nyepesi. Imesaidia, ila haikujibu swali la nani alipe.

Hapo ndipo benki yako inapoingia. Programu ya benki huandikwa ikitegemea ulinzi uliomo ndani ya mfumo: jinsi nywila inavyofichwa, jinsi alama ya kidole inavyothibitishwa. Matoleo ya zamani yana matundu yanayojulikana, kwa hiyo waandishi wa programu huweka mpaka wa chini na kuusogeza juu kila baada ya muda. WhatsApp hufanya vivyo hivyo. Imekwishaziacha simu za Android zilizo chini ya toleo la 5, na tangu Mei 2025 iPhone isiyoweza kupokea iOS 15.1 haiipati tena. Hizo ni iPhone 5s, iPhone 6 na 6 Plus. Simu yenyewe haijaharibika. Kioo kizima, kamera nzima, spika inalia. Imeachwa tu.

Tofauti ya muda wa kuhudumiwa ilikuwa kubwa sana zamani. iPhone 6s iliyotoka mwaka 2015 ilipokea matoleo mapya kuanzia iOS 9 hadi iOS 15, wakati simu nyingi za Android za mwaka huo zilipata toleo moja au hazikupata kabisa. Siku hizi hali si hiyo tena kwa wote. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 mwaka 2024, na hata Galaxy A16 ya 5G, ambayo si simu ya matajiri, iliahidiwa miaka 6. Kwa hiyo anayerudia leo kwamba Android haihudumiwi amechelewa. Bado kuna simu mpya kabisa zinazowekwa kabatini bila ahadi yoyote, na mnunuzi haambiwi.

Sasa ile fomu iliyofutika. Hii naitaja kwa kirefu kwa sababu imewaliza vijana wengi wanaoomba kazi, mkopo wa masomo au namba ya utambulisho kwa simu. Umejaza majina, tarehe, shule, namba ya mzazi. Tovuti inasema imekutumia tarakimu za uthibitisho kwa meseji. Unatoka, unafungua meseji, unazisoma, unarudi, na ukurasa unajipakua upya, mtupu. Kilichotokea ni hiki: kila programu iliyo wazi hukaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda. Simu yenye RAM ya GB 2 hutumia sehemu kubwa yake kwa mfumo wenyewe kabla hujagusa kitu. Ulipofungua meseji nafasi ikabana, na mfumo ukachagua cha kuua. Ukaua kivinjari pamoja na fomu yako, ukitumaini kwamba ukirudi kitajipakua tena. Ukurasa umerudi kweli, uliyoyaandika hayakurudi. iPhone za zamani zenye RAM ndogo hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo hapa hakuna mfumo wa kujitapa. Dawa ya leo ni kusoma tarakimu kwenye arifa inayoshuka juu ya kioo bila kutoka kwenye ukurasa. Dawa ya kesho ni kununua simu yenye RAM ya GB 4 au zaidi.

Na wengi, wakikerwa na kuganda, hufungua orodha ya programu za karibuni na kuzifyeka zote, mara kadhaa kwa siku. Acha tabia hiyo. Mwaka 2016 Craig Federighi wa Apple na Hiroshi Lockheimer wa Google, wasimamizi wa mifumo hii miwili, walisema kila mmoja kwa upande wake kwamba kufyeka hakuokoi betri. Programu iliyolala haili kitu cha maana. Kuiwasha upya kutoka mwanzo ndiko kunakokula chaji.

Cha kusikitisha ni kwamba watengenezaji wengi wa Android hufyeka wao wenyewe. Google iliweka usingizi wa kuhifadhi betri kwenye toleo la 6, mwaka 2015, kwa taratibu zinazojulikana: ujumbe wa haraka unaruhusiwa kuiamsha programu. Kisha watengenezaji, wakitaka kuandika kwenye boksi kwamba betri inadumu siku mbili, wakaongeza vifyekeo vyao. Dereva wa bodaboda anayepata wateja kupitia programu huweka simu mfukoni, kioo kinazima, baada ya dakika kadhaa mfumo unaiua ile programu, na abiria anapewa dereva mwingine. Yeye atalaumu mtandao. Tiba iko kwenye mipangilio ya betri: tafuta programu unayoitegemea, iruhusu itumie betri bila vizuizi, na kama simu ina sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, iruhusu huko pia. Ni kazi ya dakika moja, lakini haikupaswa kuwa kazi ya mteja.

Upande wa pesa, iPhone ndiyo inayowapa watu tabu. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilizinduliwa Kenya Machi 2007, miezi mitatu kabla ya iPhone kuuzwa, na menyu yake huko Kenya iliwekwa ndani ya laini yenyewe. Android huionyesha menyu hiyo kama programu ya kawaida miongoni mwa nyingine. Kwenye iPhone imefukiwa ndani ya mipangilio, chini ya data ya simu, kwenye kipengele cha programu za laini, mahali ambapo mgeni hawezi kupagundua asipoonyeshwa. Mfumo uliosanifiwa California haukuwaza kwamba menyu ya laini ingekuwa benki ya taifa zima. Tanzania tuna nyota na reli, *150*00# na wenzake, na hizo hufanya kazi kwenye simu zote. Kero yake ni nyingine. Kikao kina muda wake. Unaingiza namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, tarakimu 12, umeitumiwa kwa WhatsApp, na dirisha la menyu halikuachii ukachungulie. Unapotea tarakimu ya tisa, muda unaisha, unaanza upya. Iandike kwenye karatasi kwanza. Programu za kampuni za simu zimepunguza adha hiyo kwa mwenye bando.

iPhone ina mengine. Hifadhi ya bure ya iCloud ni GB 5 tu, nayo hujaa mapema kwa picha. Google hutoa GB 15, ambazo barua pepe, picha na sasa nakala za WhatsApp hugawana. Kuhamisha mazungumzo ya WhatsApp kutoka Android kwenda iPhone hakukuwezekana kwa njia rasmi hadi mwaka 2022, na mpaka leo nakala iliyo Google haisomeki Apple. Betri nayo ina historia. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla, bila kuwaambia wenye simu. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020. Faida tuliyoipata ni ule ukurasa wa afya ya betri. Ukiuziwa iPhone kuukuu, uufungue kwanza, na ikiwa chini ya asilimia 80, weka bei ya betri mpya kwenye hesabu.

Simu kuukuu zina hatari kubwa kuliko betri. Tangu 2013 iPhone hujifunga kwenye akaunti ya mwenyewe, na Android zina ulinzi kama huo tangu 2015. Ni kinga nzuri sana dhidi ya wezi, ila mnunuzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, asiye mwangalifu hubaki na kioo kisichofunguka. Usilipe mpaka muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, aifute simu yote, na uiwashe wewe mwenyewe hadi mwisho.

Hukumu yangu, kwa anayetaka jibu la moja kwa moja: Android mpya ya bei ya kati iliyoahidiwa masasisho ni bora kuliko iPhone kuukuu iliyokwisha kuachwa, na iPhone ya miaka mitatu yenye betri nzima ni bora kuliko Android mpya isiyo na ahadi. Kwenye Android, fungua mipangilio, nenda sehemu ya kuhusu simu, tazama tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa ni ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, simu hiyo isiwe ndiyo ya benki.

Wanunuzi peke yao hawataweza kuibadili hali hii. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji aseme wazi atatoa masasisho ya usalama hadi lini. Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, unadai miaka isiyopungua 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya tayari huidhinisha aina za simu kabla hazijaingia sokoni. Naziomba ziongeze sharti moja: mwaka wa mwisho wa masasisho uandikwe juu ya boksi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.